Mwongozo kwa Mzazi Aliyempoteza Mtoto kwa Risasi na Anayetaka Kupigania Udhibiti wa Silaha

Mzazi aliyemzika mtoto aliyeuawa kwa risasi hahitaji kuelezwa kwa nini silaha zidhibitiwe. Anachohitaji ni kujua aanzie wapi, amwendee nani, aseme nini na anyamaze wakati gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa ndugu na marafiki watakaomshika mkono, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja hata pale ambapo sauti inayosikika ni ya mtu mmoja. Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni hili: fuata njia ambayo bunduki ile ilipita hadi ikamfikia aliyefyatua, tambua mahali ambapo ingeweza kuzuiwa, kisha dai mahali hapo pazibwe. Huzuni humpa mzazi haki ya kusikilizwa, lakini kinachomzuia mwenye mamlaka asimjibu kwa pole tu na kumsindikiza mlangoni ni ufahamu wa njia hiyo.

Kabla ya kusema neno hadharani

Hakuna muda uliowekwa. Tom Mauser, ambaye mwanawe Daniel aliuawa katika shule ya Columbine, Marekani, tarehe 20 Aprili 1999, alisimama mbele ya umati mjini Denver wiki mbili hazijapita. Wapo wazazi waliokaa miaka kadhaa kabla ya kutamka lolote mbele ya kipaza sauti, na kampeni zao hazikupungukiwa na chochote. Anayekuambia kwamba usipozungumza wiki hii watu watasahau huenda anasema kweli kuhusu vyombo vya habari, lakini sheria hazitungwi kwa kasi ya vyombo vya habari, na mzazi aliyesukumwa jukwaani kabla hajawa tayari mara nyingi huwa wa kwanza kuishiwa nguvu.

Ikiwa kuna upelelezi au kesi inayoendelea, onana kwanza na mpelelezi na mwendesha mashtaka, uwaulize kwa maneno ya wazi ni mambo gani ukiyasema yataharibu ushahidi. Huenda wewe mwenyewe ni shahidi. Usimtaje mtu kuwa muuaji kabla mahakama haijasema hivyo, hata kama mtaa mzima unamjua, kwa maana wakili wake atayatumia maneno yako kudai kwamba haki haiwezi kutendeka, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina. Mambo ya jumla kuhusu silaha, uhifadhi na uuzaji wake unaweza kuyasema wakati wowote.

Pima pia usalama. Pale ambapo waliofyatua risasi, au wenzao, bado wanaishi karibu na nyumba yako, kampeni inayomtaja mtu au kundi inaweza kuwaweka watoto wako wengine hatarini. Katika hali hiyo ni busara kampeni iongozwe na kikundi cha familia kadhaa, madai yaelekezwe kwa mamlaka zinazosimamia silaha, na anwani ya nyumbani isionekane kwenye karatasi yoyote inayosambazwa.

Baada ya hapo, kaa na watu wa nyumbani. Hatua hii hurukwa mara nyingi sana, nami naiona nzito kuliko hata kuonana na wabunge. Baba na mama hawaombolezi kwa namna moja: mmoja anaweza kutaka kuzungumza kila siku na mwingine akawa hawezi kusikia jina la mtoto likitajwa redioni. Ndugu wa marehemu nao wamepoteza, tena wamepoteza mara mbili, kwa sababu mzazi anayezunguka na kampeni huwa hayupo nyumbani. Andikeni pamoja orodha fupi ya mambo yanayoruhusiwa kusemwa na yasiyoruhusiwa, picha zipi zitumike, na iwapo sura za watoto waliobaki zitaonyeshwa. Mtoto akisema hataki, jibu lake liheshimiwe bila kumwomba sababu. Orodha hiyo ipitiwe upya kila baada ya miezi michache, kwa kuwa mtu anaweza kubadili mawazo.

Fuata njia ya bunduki

Karibu kila bunduki iliyoua ilianza ikiwa halali mikononi mwa mtu fulani: kiwandani, dukani, katika ghala la jeshi au la polisi, au nyumbani kwa mwenye leseni. Kati ya hapo na siku ya msiba ilipita mikononi mwa watu kadhaa, na aghalabu kuna mtu ambaye sheria ilimtaka aizuie naye hakufanya hivyo, au ambaye sheria haikumtaka afanye lolote. Kazi yako ya kwanza ni kumtambua mtu huyo na kujua iwapo palikuwa na sheria iliyopuuzwa au hapakuwa na sheria kabisa. Kampeni mbili hizi hazifanani. Ya kwanza hudai usimamizi, fedha na uwajibikaji. Ya pili hudai kifungu kipya. Mzazi anayedai sheria mpya mahali ambapo tayari ipo hujibiwa kwa dakika moja, na itamgharimu muda mrefu kurudishiwa imani.

Uliza kwa maandishi na utunze nakala ya kila barua. Bunduki ilikuwa na namba ya kiwandani, au namba hiyo ilikuwa imefutwa? Ilisajiliwa kwa jina la nani? Kama iliibwa, je, wizi huo uliripotiwa, na lini? Mwenye leseni alikaguliwa mara ya mwisho mwaka gani? Ilihifadhiwa wapi, na funguo alikuwa nazo nani? Je, kuna mtu aliyemsikia mhusika akitishia kuua, akaripoti, na ripoti ile ikaishia kwa nani? Majibu mengine utayapata katika jalada la upelelezi, mengine katika mwenendo wa kesi na hukumu, na mengine katika uchunguzi wa mahakama kuhusu chanzo cha kifo pale unapofanyika. Pale penye sheria ya haki ya kupata taarifa, itumie, na ukikataliwa omba sababu za kukataliwa ziandikwe.

Mifano mitatu itaonyesha jinsi majibu hayo yanavyozaa kampeni tofauti.

Silaha nne zilitumika Columbine, na tatu kati yake zilinunuliwa na rafiki wa wauaji kwenye maonyesho ya silaha, kutoka kwa wauzaji binafsi ambao hawakuwajibika kuchunguza historia ya mnunuzi. Hapo ndipo Mauser alipoelekeza nguvu zake. Bunge la jimbo la Colorado lilipokataa kuziba pengo hilo, hoja ilipelekwa moja kwa moja kwa wapigakura, na mwezi Novemba 2000 takriban asilimia 70 waliikubali. Mzazi ajifunze hapo kwamba pale ambapo katiba inaruhusu kura ya wananchi, kukataliwa na bunge hakufungi mjadala.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Januari 2018, mjini Guilford, jimbo la Connecticut, Ethan Song mwenye umri wa miaka 15 alikufa kwa risasi ya bastola iliyokuwa mali ya baba wa rafiki yake. Bastola zilifichwa kabatini chumbani zikiwa na kufuli zinazozuia zisifyatuliwe, lakini funguo na risasi viliwekwa humohumo pamoja nazo. Sheria ya jimbo wakati huo ilimwajibisha mwenye silaha kuifungia pale tu inapokuwa imejazwa risasi, na kwa sababu hiyo mwenye bastola hakushtakiwa kwa kosa la uhifadhi. Wazazi wa Ethan hawakuomba bastola zipigwe marufuku. Waliomba wajibu wa kufungia uhusu silaha yenye risasi na isiyo na risasi, popote ambapo mtoto anaweza kuifikia. Sheria hiyo ilipita mwaka 2019, nayo inaitwa kwa jina la mtoto wao. Ukiisoma utaona jinsi ombi lao lilivyolingana sawasawa na pengo lililomuua.

Mfano wa tatu ni wa Dunblane, Uskoti, ambako tarehe 13 Machi 1996 watoto 16 na mwalimu wao waliuawa ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule. Muuaji alikuwa na leseni, na bastola zake zote zilikuwa halali. Tangu mwaka 1991 kulikuwa na afisa wa polisi aliyeandika kwamba mtu huyo hafai kuachiwa silaha, ushauri wake usifuatwe. Familia na marafiki wao wangeweza kuishia kudai ukaguzi bora wa leseni, lakini waliona kwamba mfumo unaotegemea busara ya afisa mmoja utashindwa tena siku nyingine, hivyo wakadai bastola za watu binafsi zipigwe marufuku kabisa.

Kuna hali mbili ambazo njia ya bunduki huwa tofauti. Ikiwa aliyefyatua ni askari akiwa kazini, tatizo halipo katika umiliki bali katika kanuni za kutumia nguvu na katika nani anayemchunguza askari. Msingi wa kusimamia ni Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, ambazo zinaruhusu risasi ya kuua pale tu inapokuwa haiepukiki ili kuokoa uhai. Na ikiwa silaha ilivuka mipaka au ilitoka katika ghala la serikali, angalia iwapo nchi yako imeridhia Mkataba wa Biashara ya Silaha ulioanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, halafu uliza juu ya uwekaji alama kwenye silaha na uhakiki wa maghala. Maswali hayo ni makavu, na wabunge wachache huyauliza, ndiyo maana mzazi anayeyauliza mbele ya kamati husikilizwa.

Wazazi ambao watoto wao walijiua kwa bunduki wasijione kuwa wako nje ya kampeni hii. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vyote vya risasi ni vya watu waliojiua, na hatua zile zile zinazookoa mtoto wa jirani, yaani kufungia silaha, kutenganisha risasi na bunduki, na kuiondoa kwa muda nyumbani wakati mtu ana dhiki kubwa, huokoa pia mtu wa nyumba hiyo. Mzazi huyo asimulie bila kueleza namna tendo lilivyofanyika na bila kulihusisha na sababu moja, kwa kuwa kati ya wasikilizaji anaweza kuwepo kijana aliye ukingoni.

Andika ombi katika sentensi moja

Ukishaijua njia ya bunduki, andika sentensi inayotaja nani afanye nini na kufikia lini. Kwa mfano: «Tunaiomba Kamati ya Usalama ipeleke bungeni, kabla ya kikao cha bajeti, kifungu kinachomlazimu kila mwenye leseni kuhifadhi silaha yake katika kabati la chuma lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine.» Linganisha na sentensi hii: «Tunaitaka serikali ikomeshe mauaji ya watoto wetu.» Ya pili ni ya kweli na inatoka moyoni, ila hakuna ofisa anayeweza kuitekeleza, wala hakuna siku ambayo utaweza kusema kwamba imekataliwa. Ombi zuri ni lile linaloweza kukataliwa hadharani na mtu anayejulikana kwa jina na cheo.

Sentensi hiyo ipelekwe kwa mwanasheria anayejua taratibu za kutunga sheria, akuonyeshe kama mamlaka ni ya bunge, ya waziri kupitia kanuni, au ya halmashauri. Kanuni za waziri hubadilishwa haraka kuliko sheria, na mara nyingi ndizo zinazoamua mambo ambayo raia wanayahisi, kama vile ukaguzi wa nyumba ya mwenye leseni unafanywaje.

Usiwaepuke wamiliki wa silaha. Wengi wao ni wazazi, na wengi hufungia silaha zao tayari. Mmoja wao akisimama karibu nawe na kusema kwamba kifungu unachokidai hakimwondolei chochote, anakuwa amejibu hoja ambayo wewe ungeijibu kwa saa nzima bila kuaminiwa. Baada ya mauaji ya watu 17 katika shule ya Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, familia zilizofiwa hazikuwa na msimamo mmoja wa kisiasa, lakini zilikubaliana juu ya mambo machache na kuyapeleka pamoja. Jimbo hilo, ambalo liliongozwa na chama kisichopenda vizuizi vya silaha, lilipitisha sheria mnamo Machi 2018 iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, ikaweka siku tatu za kusubiri, na kuruhusu mahakama kuamuru mtu aliye hatari aondolewe silaha kwa muda.

Sio kila ombi lazima liwe la sheria. Mwezi Aprili 2013, muswada wa kupanua uchunguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti ya Marekani, huku 60 zikihitajika, na wazazi wa watoto waliouawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut, walikuwapo wakishuhudia. Baadhi yao walielekeza nguvu katika kuwafundisha wanafunzi na walimu kutambua dalili za mtu anayepanga kudhuru na kumwarifu mtu mzima. Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji kura hata moja, nayo huendelea wakati bunge limekwama.

Namna ya kumzungumzia mtoto

Mbele ya kamati ya bunge utapewa dakika tatu, pengine tano. Gawanya muda huo hivi: theluthi ya kwanza ni ya mtoto akiwa hai, theluthi ya pili ni ya njia ya bunduki, na iliyobaki ni ya ombi. Siku ya msiba yenyewe ipe sentensi mbili tu. Wasikilizaji wanaijua siku hiyo kutoka kwenye habari. Wasichokijua ni kwamba alikuwa na mtihani wiki iliyofuata, au kwamba alikuwa akimfundisha mdogo wake kuendesha baiskeli. Chagua jambo moja dogo na la kweli, uliseme bila kulipamba. Tom Mauser aligundua kwamba miguu yake na ya mwanawe ilikuwa ya saizi moja, akaanza kuvaa viatu vya Daniel alipokwenda kuonana na watunga sheria. Hakuhitaji maneno mengi ya kuvieleza.

Andika maneno yako yote, uyasome kwa sauti mbele ya mtu, na utie alama mahali ambapo sauti hukatika. Hapo weka sentensi fupi. Mpe mwenzako nakala, ili ukishindwa kuendelea aichukue na kumalizia. Kamati nyingi huruhusu hilo likiombwa mapema. Machozi yakija, simama, nywa maji, kisha endelea kutoka pale ulipokomea. Hakuna haja ya kuomba radhi.

Takwimu zitumie kidogo na uzijue kwa undani. Ukisema idadi ya vifo vya risasi, ujue kama inajumuisha waliojiua na waliouawa na polisi, ni ya mwaka gani, na ilikusanywa na taasisi ipi. Kosa moja la tarakimu hutosha kumpa mpinzani kisingizio cha kujadili tarakimu badala ya kabati la chuma.

Jina la muuaji liache. Wazazi wa Alex Teves, aliyeuawa katika ukumbi wa sinema wa Aurora, Colorado, mwezi Julai 2012, waliendesha kampeni ya kuwaomba wanahabari wasimpe muuaji umaarufu kwa kurudia jina na picha yake, kwa kuwa baadhi ya wauaji huutafuta umaarufu huo na kuwaiga waliotangulia. Unaweza kumwambia mwandishi kabla ya mahojiano kwamba hutakaa kwenye kipindi kitakachoonyesha picha hiyo. Muulize pia kama mahojiano yanarushwa moja kwa moja, nani mwingine amealikwa, na swali la kwanza litakuwa lipi. Katika miezi ya mwanzo kataa mijadala ya kukuweka ana kwa ana na mtetezi wa silaha. Vipindi vya namna hiyo huandaliwa ili kuonyesha ugomvi, na ugomvi haukusogezi mbele.

Picha za mwili wa mtoto ni uamuzi wa familia peke yake. Mtu yeyote, hata mwenye nia njema kabisa, asikushinikize kuzitoa kwa hoja kwamba zitaamsha dhamiri ya taifa. Zikishatoka hazirudi, na ndugu zake watakutana nazo maisha yao yote.

Watu, fedha na mahakama

Unda kamati ndogo, na mzazi asiwe mweka hazina. Fedha zikae katika akaunti yenye watia saini wawili au zaidi, mapato na matumizi yatangazwe, na michango ya mazishi isichanganywe kamwe na ya kampeni. Mzazi mwenye huzuni ni rahisi kuaminiwa, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuchafuliwa kwa swali moja la fedha. Kubalianeni kwa maandishi ni nani mwenye haki ya jina na picha ya mtoto, ili chama, kampuni au mgombea asiyatumie bila ruhusa, na ili kikundi kikigawanyika jina libaki na familia.

Kazi nzito ya kila siku wapewe wasiofiwa. Ombi la saini lililotoka Dunblane liliendeshwa na marafiki wa familia, likapewa jina la ua dogo jeupe lililokuwa limechanua mwezi ule, na likakusanya saini zaidi ya 700,000. Wazazi walizungumza pale walipoweza, na walipopumzika meza za saini hazikufungwa.

Kuhusu kuishtaki kampuni iliyouza au kutengeneza silaha, soma sheria ya gharama kabla ya kitu kingine chochote. Wazazi wa Jessica Ghawi, aliyeuawa Aurora, waliwashtaki waliomuuzia muuaji risasi kupitia intaneti. Kesi ilitupwa kwa sababu ya sheria ya mwaka 2005 inayoikinga biashara ya silaha nchini Marekani, nao wakaamriwa kulipa gharama za upande wa pili zilizozidi dola 200,000. Familia tisa za Sandy Hook zilipita njia nyembamba zaidi, zikaishtaki kampuni ya Remington kwa namna ilivyoitangaza bunduki yake, na mwezi Februari 2022 zikapata suluhu ya dola milioni 73. Tofauti ya kesi hizi mbili ilikuwa katika hoja ya kisheria iliyochaguliwa, wala huzuni ya wazazi haikuwa na uzito zaidi upande mmoja. Mwulize wakili kwa maandishi: tukishindwa, nani atalipa, na kiasi gani?

Wanasiasa watakuja. Pokea yeyote anayelikubali ombi lako, wa chama chochote, na umwombe atamke sentensi ile neno kwa neno hadharani kabla ya kupiga naye picha.

Matusi na uongo

Wapo watakaosema kwamba mtoto wako hakufa, au kwamba hakuwahi kuwepo. Lenny Pozner, ambaye mwanawe Noah mwenye umri wa miaka 6 aliuawa Sandy Hook tarehe 14 Desemba 2012, alilazimika kuhama nyumba mara kadhaa kwa vitisho vya watu walioamini uongo huo. Yeye aliamua kuufuatilia ukurasa kwa ukurasa na kudai uondolewe, na familia nyingine za Sandy Hook zilimpeleka mahakamani mtangazaji Alex Jones, aliyeueneza. Mwezi Oktoba 2022 baraza la wazee wa mahakama huko Connecticut lilimwamuru alipe dola milioni 965.

Tangu siku ya kwanza, ujumbe unaotoka kwa watu usiowajua usomwe kwanza na mtu mwingine, mwenye moyo mgumu na anayekupenda. Avitenge vitisho, avihifadhi vikiwa na tarehe na jina la aliyetuma, na kuvipeleka polisi. Matusi ayafiche usiyaone. Usijibu. Ondoa anwani, namba ya simu na jina la shule ya watoto wako mahali popote zinapoonekana. Kuna faida nyingine ya mpango huu: miongoni mwa ujumbe huo zimo barua za wazazi wengine waliofiwa, nazo msomaji wako atakuletea, na kwa hakika hizo ndizo zinazostahili kujibiwa.

Sheria ikipita, au ikikataliwa

Ikikataliwa, andika majina ya waliopiga kura na namna walivyopiga, uyatangaze bila matusi, na uombe kuonana na wale waliotofautiana nawe kwa hoja ndogo. Huko Uingereza sheria ya kwanza ya mwaka 1997 ilipiga marufuku bastola nyingi lakini ikaziacha zile za kipenyo kidogo; familia za Dunblane hazikufunga ofisi, na baada ya uchaguzi wa mwaka huohuo sheria ya pili ikaziondoa na hizo. Lucy McBath, ambaye mwanawe Jordan Davis aliuawa Florida mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 17 baada ya mtu kulalamikia sauti ya muziki kwenye gari, alifanya kampeni kwa miaka kadhaa kama raia, hatimaye akagombea mwenyewe na kuchaguliwa mwaka 2018 kuwakilisha Georgia katika Bunge la Marekani. Kugombea si wajibu wa mzazi yeyote, lakini ni njia iliyo wazi.

Ikipita, kazi hubadilika. Sheria ya Kanada ya mwaka 1995, iliyopiganiwa na familia na manusura wa mauaji ya wanawake 14 mjini Montréal mwaka 1989, iliagiza bunduki zote zisajiliwe. Mwaka 2012 bunge likaufuta usajili wa bunduki za kawaida za mtutu mrefu. Waliopigania sheria wasipokuwepo wakati wa utekelezaji, wapinzani wake huwa wamebaki peke yao chumbani. Kwa hiyo kila mwaka andika barua kwa mamlaka husika ukiuliza mambo manne: bajeti iliyotengwa, idadi ya ukaguzi uliofanyika, idadi ya leseni zilizofutwa, na idadi ya waliofikishwa mahakamani kwa kukiuka kifungu hicho. Yasipojibiwa, mwombe mbunge ayaulize bungeni, ambako majibu huingia katika kumbukumbu rasmi.

Amua pia ni tarehe zipi ambazo hutafanya kazi. Siku ya kuzaliwa ya mtoto na siku ya kifo chake wanahabari watazihitaji kuliko siku nyingine zote, na una haki ya kuzibakiza kwa familia na kumwachia msemaji mwingine. Mtu huyo ateuliwe mapema na ajulikane, awe amekaa nawe kwenye vikao vya kutosha hata aweze kujibu maswali ya njia ya bunduki bila kukupigia simu. Siku utakapotaka kuacha, kwa mwezi mmoja au moja kwa moja, mkabidhi jalada zima: barua, majibu, nakala za hukumu, orodha ya kura, na ile sentensi ya ombi.